Mume wangu anataka miji tisa kwa pasi moja ya treni

Shikamoo Shangazi,

Naishi Dodoma, nina mume na mtoto mmoja. Septemba, Mungu akipenda, tunakwenda Ujerumani kumtembelea wifi yangu aliyeko Köln, ambaye katualika tangu alipojifungua. Tuko wanne: mimi, mume wangu, mama mkwe mwenye miaka 67, na mwanetu wa miaka tisa. Viza za ubalozi wa Ujerumani zimetoka, likizo zimekubaliwa, ndege tumeshalipia. Kilichobaki ni mvutano wa ndani ya nyumba.

Mume wangu kasikia habari za pasi ya treni ya Ulaya. Anasema ukiwa nayo unapanda treni yoyote, nchi yoyote, hakuna kukata tiketi tena. Kachukua daftari la mtoto kapanga: Köln, Amsterdam, Paris, London, Milan, Roma, Venice, Vienna, Prague, kisha Köln tena. Zote ndani ya siku 16. London kaiweka kwa sababu ya rafiki yake waliyesoma naye, na hataki kusikia ikiondolewa. Anataka tununue pasi ya siku saba za safari kwa kila mtu.

Wifi naye kapiga simu anasema tusinunue ile pasi ya wageni. Yeye ni mkazi, atatununulia Interrail, pasi ya wakazi wa Ulaya, kwa anwani yake, eti ndiyo nafuu. Tena anafikiria kuungana nasi kipande cha njia.

Mama mkwe magoti yanamsumbua. Ngazi anapanda kwa kushika ukuta. Akiulizwa anasema, "Ninyi pangeni tu wanangu, mimi nitawafuata." Lakini tulipokwenda Dar kwa SGR, ile kutembea kutoka getini hadi kwenye behewa tu ilimchosha, na pale hakukuwa na kubadilisha treni. Nikisema mpango ni mzito, naonekana nambania mama au nawakataa ndugu wa mume. Na fedha zenyewe, Shangazi, nyingi ni za kikoba changu.

Naomba unisaidie. Tununue pasi au tukate tiketi moja moja? Hiyo ya wifi ni halali? Na nizungumzeje na mume wangu tukaelewana? Jingine dogo: pasi nasikia inakaa kwenye simu, na mama ana kitochi.

Mkwe Mwenye Mizigo, Dodoma

*

Marahaba mwanangu,

Kabla ya pasi tuimalize London, maana hiyo wala haihitaji ubishi. Kachukue pasipoti yako, fungua ukurasa wa viza, uangalie sehemu inayoonyesha unaruhusiwa kuingia mara ngapi. Ukikuta 01, mmepewa kuingia eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mara moja tu. Ukikuta MULT, mnaweza kutoka na kurudi. Familia inayokwenda mara ya kwanza kumwona ndugu mara nyingi hupewa 01. Uingereza haimo Schengen, na Mtanzania anahitaji viza ya Uingereza yenyewe. Hata mngekuwa nayo, mkishavuka kwenda London na ile 01, mlango wa kurudia Köln umefungwa, na ndege yenu ya kurudi nyumbani inaondokea upande huu. Hakuna pasi ya treni inayotatua hilo.

Kwa hiyo usimwambie mume wako kwamba mpango wake ni mbovu. Mpe pasipoti mkononi, mkiwa wawili, mama hayupo, umwonyeshe hiyo namba. Mwanaume aliyepanga safari kwenye daftari hapendi kusahihishwa na mke mbele ya mama yake, ila karatasi ya ubalozi ataisoma na ataielewa. Yule rafiki wa London, kama karatasi zake zinamruhusu, aje Köln. Treni ya kutoka London hadi Brussels ipo, na ya kutoka Brussels hadi Köln ipo.

Sasa pasi.

Mume wako kapatia nusu. Pasi ya nchi zote inakubalika katika nchi 33. Unanunua idadi ya siku za safari, mathalani siku nne, tano au saba ndani ya mwezi mmoja. Siku inaanza saa sita usiku hadi saa sita usiku inayofuata, na ndani yake unapanda treni nyingi upendavyo. Mtoto wenu hadaiwi kitu, kwa sababu walio kati ya miaka minne na kumi na mmoja hupewa pasi ya bure wakisafiri na mtu mzima. Ila lazima iombwe pamoja na yenu. Usifike mbele ya mkaguzi ukasema "huyu ni mdogo". Mama naye, kwa kuwa kavuka 60, anapunguziwa asilimia kumi.

Nusu aliyokosea ni hiyo ya "unapanda treni yoyote". Ujerumani, Austria, Uswisi, Uholanzi na Ubelgiji, treni nyingi za ndani unaingia tu, unatafuta kiti kisicho na mwenyewe, unakaa. Ufaransa, Italia na Hispania ni habari nyingine. Treni za kasi za huko zinadai uweke nafasi na ulipie nafasi hiyo juu ya pasi: kwa kawaida Euro 10 hadi 20 kwa mtu, na zile za Eurostar, zinazounganisha London, Paris, Brussels na Amsterdam, zinafika Euro 30 na zaidi. Tena nafasi za wenye pasi zina kikomo. Treni inaweza kuwa na viti tele vya kuuzwa kwa bei kamili, lakini fungu la wenye pasi limeshakwisha, na wewe na pasi yako mnabaki mmesimama. Sasa rudi kwenye lile daftari: Amsterdam–Paris, Paris–London, kuingia Milan, Milan–Roma, Roma–Venice. Mume wako kachagua kwa uangalifu mkubwa karibu kila njia ya Ulaya inayodai ada juu ya pasi.

Pasi hizi asili yake ni vijana. Eurail ilianza 1959 kwa wageni wa kutoka nje ya Ulaya. Interrail ikaja 1972 kwa vijana wa Ulaya wasiozidi miaka 21, watu wa kulala kwenye benchi la stesheni na kuamka wakicheka. Siku hizi umri wowote unaruhusiwa, lakini ile tabia ya kudandia mji mpya kila asubuhi imebaki vichwani. Kwa mwenye magoti hiyo ni adhabu.

Na kwenye mgawanyo huo wa wageni na watu wa Ulaya ndipo jibu la wifi yako lilipo. Interrail ni ya wanaoishi Ulaya, Eurail ni ya wanaoishi nje. Haiangalii anwani ya aliyelipa, inaangalia makazi ya anayesafiri, na pasi ina jina na namba ya pasipoti ya mwenyewe. Mkaguzi akiitazama pasipoti ya Tanzania isiyo na kibali cha kuishi Ulaya, pasi hiyo si halali, na mtalipishwa. La kuchekesha ni kwamba siku hizi bei za pasi mbili hizi hazipishani, kwa hiyo hata huo unafuu haupo. Mshukuru wifi kwa moyo wake, umwambie ninyi mnachukua Eurail, yeye achukue Interrail yake akitaka kuwafuata. Ajue tu kwamba Interrail inambana katika nchi anayoishi: ndani ya Ujerumani anaruhusiwa siku mbili tu, moja ya kutoka na moja ya kurudi. Mgeni wa Eurail hana kizuizi hicho.

Tuje kwenye hela, maana ni za kikoba na kikoba kina wenyewe. Pasi ya siku saba, daraja la pili, mtu mzima ni karibu Euro 380. Gawa kwa saba upate kama Euro 54 kwa siku. Hicho ndicho kipimo chako. Siku ambayo tiketi ya kawaida ikikatwa mapema inashuka chini ya hapo, usiichome siku ya pasi. Köln–Amsterdam ni safari ya chini ya saa tatu. Ukikata mapema iko chini ya kipimo. Köln–Paris ni saa tatu na dakika ishirini hivi, treni moja bila kubadilisha, lakini ni ya Eurostar. Ukishalipa ile ada ya mwenye pasi, unakuta tiketi ya kawaida iliyokatwa miezi miwili kabla haijaipita sana. Hizo mbili nunueni kama watu wengine wote. Kaeni kwa wifi wiki ya kwanza, mbebe mtoto mchanga, Amsterdam mwende asubuhi mrudi jioni, Paris mlale siku mbili. Mama asiyetaka kwenda anabaki na mjukuu wake. Hakuna aliyemwacha.

Baada ya hapo fanyeni mzunguko mmoja mkubwa, na huo ndio wa pasi: Köln hadi Luzern ya Uswisi, Luzern hadi Milan, Venice hadi Vienna, Vienna hadi Köln. Siku nne. Milan hadi Venice ni kipande kifupi chenye treni za mikoa za bei ndogo. Kateni pale pale. Pasi ya siku nne ni kama Euro 280, ya mama inakaribia 255. Watu wazima watatu ni kama Euro 815, badala ya 1,100 za ile ya siku saba. Tofauti hiyo inasogeza vizuri tiketi za Amsterdam na Paris. Roma na Prague ziacheni kwa safari nyingine.

Utauliza: kama tiketi za mapema ni rahisi hivyo, kwa nini tusikate zote, pasi tukaiacha kabisa? Mngekuwa wawili wenye miguu yenu, ningekwambia fanyeni hivyo. Lakini tiketi ya bei ya chini kabisa inafungwa kwenye treni moja, saa moja, na hela hairudi. Mama akiamka Luzern magoti yamevimba, mnapoteza tiketi nne na kununua nyingine kwa bei ya siku hiyo, ambayo Uswisi inatisha. Mwenye pasi anamwagiza mama alale tena, wanaondoka saa nane mchana au kesho yake. Unacholipia kwenye pasi ni ruhusa ya kubadili mawazo, na ninyi ndio watu wa kuinunua.

Katika siku hizo nne kuna vipande viwili ambavyo visiwapite.

Kutoka Köln msikimbilie ile njia ya kasi inayopita moja kwa moja kwenda Frankfurt. Inakata milima kwa mahandaki na mto hamuuoni. Tafuteni treni ya Koblenz na Mainz. Reli inafuata Rhine ukingoni kabisa, mizabibu mlimani, ngome kila kona, na meli za mizigo zinapishana na dirisha lenu. Kaeni upande wa kushoto mkitoka Köln, mto uko huko.

Kipande cha pili ni milima ya Gotthard, Uswisi. Treni za haraka siku hizi zinapita kwenye handaki jipya lililofunguliwa 2016, kilomita 57, refu kuliko handaki lolote la reli duniani. Ni ajabu ya uhandisi, lakini ukiwa ndani yake unaona giza. Ninyi teremkeni Arth-Goldau, mpande treni ya njia ya zamani inayopitia Göschenen na handaki la 1882. Haidai kuweka nafasi. Mkikaribia kijiji cha Wassen, mwambie mtoto aangalie kanisa dogo jeupe juu ya kilima. Reli inajizungusha ndani ya mlima ili ipande, inatoka na kurudi, na kanisa lile lile mnaliona mara tatu: kwanza liko juu yenu, halafu mko nalo sambamba, mwisho liko chini yenu. Mtoto wa miaka tisa atabisha kwamba ni makanisa matatu. Muacheni abishe.

Mkifika Bellinzona angalieni jambo moja. Treni za haraka zinazovuka kwenda Milan zinadai nafasi. Msiotaka kulipa mnashuka na treni za kawaida hadi Chiasso mpakani, kisha mnapanda ya mkoa. Inachelewa kidogo, na ni kubadilisha mara moja zaidi, kwa hiyo kwa magoti ya mama mimi ningelipa nafasi.

Venice mshuke Santa Lucia, kituo cha mwisho, si Mestre. Mkitoka mlangoni ngazi zinaishia kwenye mfereji wenyewe, boti zinapita pale mnapotarajia kuona daladala. Lakini Venice ni mji wa madaraja, na karibu kila daraja ni ngazi. Tafuteni chumba karibu na stesheni, sehemu ambayo hamvuki daraja hata moja mkiwa na mabegi. Hili lipe uzito kuliko uzuri wa chumba.

Vienna hadi Köln ni safari ya mchana inayochukua kama saa tisa. Ipo pia treni ya usiku; pasi inahesabu siku mliyoondoka tu, ilimradi mmepanda kabla ya saa sita usiku na hambadilishi treni, lakini kitanda kinalipiwa pembeni na huisha mapema. Mkiichukua, mama awe kitanda cha chini. Andikeni hivyo wakati wa kukata. Usiku wa manane hakuna abiria atakayefurahi kubadilishana.

Kuhusu kubadilisha treni kwa jumla: msikubali muunganiko wa dakika nane unaopendekezwa na simu. Mwaka 2024 treni za masafa za Ujerumani zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na wao wanahesabu "kwa wakati" hata ukichelewa dakika tano. Jipeni saa nzima, mama akae anywe chai. Kwenye stesheni za Ujerumani hakuna geti wala mashine ya kukagua mabegi kama kwenye SGR. Mnatoka barabarani mnaingia platifomu, na tiketi inakaguliwa treni ikiwa inatembea. Kwa wenye shida ya kutembea kuna wahudumu wa stesheni wanaosaidia kupanda na kushuka, lakini waombwe angalau siku moja kabla. Wifi anajua Kijerumani, hiyo iwe kazi yake. Atafurahi kupewa.

Zawadi zote mnazombebea wifi zishushwe Köln. Kwenye mzunguko kila mtu awe na begi moja analoweza kulinyanyua mwenyewe, na la mama libebwe na mwanawe. Pasipoti ziwe mwilini, si kwenye begi la juu, maana tangu Septemba 2024 Ujerumani imekuwa ikikagua watu kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi wanapita ndani ya treni. Mkipata laini ya simu ya Ujerumani, bando lake linafanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya, lakini Uswisi haimo kwenye Umoja huo. Ulizeni kabla ya Basel, mpakani mwa Uswisi, la sivyo salio linakwisha mkiwa mnapiga picha za ziwa. Na chakula cha siku ya Uswisi kinunuliwe Ujerumani.

Kuhusu kitochi: pasi ya mama haihitaji simu ya mama. Simu moja inaweza kubeba pasi za watu kadhaa, ila pasi moja haikai kwenye simu mbili. Kabla ya kupanda, unaingiza safari ya siku hiyo kwenye programu ya pasi, inatoka alama ya kuskani, na hiyo ndiyo mkaguzi anayoitaka. Ifungue ukiwa na intaneti walau mara moja kila siku, na uwe na pawabenki. Msianzishe pasi mkiwa Dodoma. Ianzisheni usiku wa kuamkia siku ya Luzern. Mume wako awe na yake, mke awe na yake pamoja na ya mama na ya mtoto, maana mwanaume huyu naona atashuka kwenye kila stesheni kutafuta kahawa.

Shangazi